Njia Zile ni Zenu Pia: Hotuba Kuhusu Kutembelea Kijiji cha Edale

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Kina mama, kina baba, na ninyi wanafunzi mlioanza masomo muhula huu, habari za asubuhi.

Wengi wenu mnaishi Sheffield au Manchester. Mnaijua njia ya kazini, ya chuoni, ya duka linalouza unga wa sembe, ya msikitini na ya kanisani. Katikati ya miji hii miwili kuna bonde ambalo treni hulipita kutwa, na wengi wetu tunalipita tumeinamia simu. Ndani ya bonde hilo kuna kijiji kiitwacho Edale. Nimeombwa nizungumzie namna ya kukitembelea pamoja na milima yake, na hoja yangu ni moja tu: njia za miguu zinazokatiza mashamba ya kule ni haki yenu kisheria, sawasawa na mtu aliyezaliwa pale. Hamhitaji mwaliko, hamhitaji mwenyeji. Mnahitaji kujua jinsi ya kutembea kule, kwa sababu asiyejua huishia kuogopa bure au kupatwa na balaa, na mara nyingine yote mawili kwa siku moja.

Edale iko Derbyshire, ndani ya hifadhi ya taifa ya Peak District, ya kwanza kutangazwa nchini Uingereza, mwaka 1951. Mkisikia hifadhi msifikirie Mikumi au Tsavo. Hapa hakuna geti la kulipia kiingilio. Watu wanaishi humo humo, wanafuga kondoo na ng'ombe, na ardhi karibu yote ina wenyewe. Wakazi wa Edale ni mia tatu na kitu, wametawanyika katika vitongoji vitano kando ya mto Noe: Upper Booth, Barber Booth, Grindsbrook Booth, Ollerbrook Booth na Nether Booth. Vitongoji hivyo vilianza kama makambi ya wachunga ng'ombe karne nyingi zilizopita. Kile ambacho wageni hukiita kijiji ni Grindsbrook Booth, yaani barabara moja inayopanda kutoka stesheni, kanisa lenye mnara uliochongoka, shule ndogo ya msingi, nyumba za mawe ya kijivu, na juu kabisa baa ya Old Nag's Head. Kaskazini ya kijiji umesimama mlima Kinder Scout, mita 636. Kusini kuna mgongo mrefu wenye kilele cha Mam Tor, mita 517.

Mtu wa Lushoto, wa Njombe au wa Limuru akisikia mita 517 atacheka. Asicheke. Hatari ya milima ile haiko kwenye kimo chake. Iko kwenye upepo, mvua, ukungu na giza la mapema, na hayo nitayarudia.

Kufika ni rahisi. Reli ya bonde hilo ilifunguliwa mwaka 1894, na hadi leo treni ndiyo usafiri bora kuliko gari. Kutoka Sheffield ni nusu saa na dakika chache. Kutoka Manchester Piccadilly ni kama dakika 45 hadi 50. Angalieni kwamba treni za mwendo kasi zinazounganisha miji hii hazisimami Edale. Mnatakiwa kupanda ile inayosimama kila kituo, ambayo huja kila saa, na nyakati nyingine pengo ni kubwa zaidi. Kabla hamjatoka nyumbani andikeni kwenye karatasi treni ya kurudi na ile inayoifuata. Mkiwa watu watatu hadi tisa mnaosafiri pamoja, ulizeni tiketi ya kundi. Nje ya saa za msongamano inapunguza theluthi moja ya nauli. Wenye watoto wana kadi ya familia, na wanafunzi wana kadi yao. Mwenye gari ajue kwamba barabara za bondeni ni nyembamba na maegesho hujaa mapema wikendi. Asiegeshe mbele ya lango la shamba hata kama linaonekana halitumiki, kwani mkulima huenda akapita hapo na trekta saa yoyote.

Sasa nije kwenye hiyo haki niliyoitaja, maana haikushuka kutoka mbinguni.

Miaka ya 1930 Kinder Scout ilikuwa imefungwa kwa watu wa kawaida. Wenye ardhi waliitunza kwa ajili ya kuwinda ndege wa jamii ya kwale, na walinzi wao walimfukuza yeyote aliyeonekana. Tarehe 24 Aprili 1932 wafanyakazi wapatao 400, wengi wao vijana wa Manchester, walikusanyika Hayfield, upande wa pili wa mlima, wakapanda kwa makusudi. Kundi jingine la watu wa Sheffield lilianzia Edale, wakakutana juu. Kulikuwa na purukushani na walinzi. Waliporudi, sita walikamatwa, na watano wakafungwa jela kati ya miezi miwili na sita. Aliyewaongoza, Benny Rothman, alikuwa na miaka 20, mtoto wa Manchester ambaye wazazi wake walikuwa Wayahudi kutoka Romania. Alipewa miezi minne.

Naomba vijana mlishike hilo. Aliyesimama mbele siku ile alikuwa mtoto wa wahamiaji kutoka mtaa wa watu wa kipato cha chini. Mwaka 1949 Bunge lilipitisha sheria ya hifadhi za taifa na njia za mashambani. Mwaka 1965 ilifunguliwa Pennine Way, njia ya miguu ya kilomita zaidi ya 400 inayoanzia mlangoni pa Old Nag's Head na kuishia Kirk Yetholm, Scotland. Mwaka 2000 ikaja sheria ya ardhi ya wazi, inayompa kila mtu ruhusa ya kutembea kwenye nyika na milima iliyoorodheshwa hata nje ya njia. Na mwaka 2002, miaka 70 baada ya tukio lile, Duke wa Devonshire, ambaye familia yake ilikuwa na sehemu ya mlima ule, aliomba radhi hadharani.

Kwa hiyo kuna haki za aina mbili, na kuzichanganya ndiko kunakoleta ugomvi. Ya kwanza ni njia ya miguu ya umma. Hii ni mstari. Inaweza kupita katikati ya malisho, kando ya zizi, hata uani kwa mtu mita mbili kutoka dirisha la jiko lake. Mkiwa juu ya mstari huo mko kwenu. Mkitoka nje yake mmeingia kwa mtu. Kwetu ukipita kwenye shamba la mtu unapiga hodi, unasimama, unasalimu, unaeleza unakokwenda. Kule hodi haitakiwi. Adabu ni kufuata njia, kutochungulia dirishani, na kuendelea na safari. Ya pili ni ardhi ya wazi, juu milimani, ambako mnaweza kutembea popote, kukaa, kula, kutazama ndege. Lakini hata huko hakuna ruhusa ya kupiga hema bila idhini ya mwenye ardhi, wala kuwasha moto wa aina yoyote. Moto nitaueleza sababu yake baadaye.

Ramani inawatenganishia haki hizo mbili. Nunueni ile ya Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani, ya skeli ya 1:25,000 iitwayo Explorer OL1, Dark Peak. Sentimita nne za karatasi ni kilomita moja ya ardhi. Vistari vifupi vya kijani ni njia ya miguu. Vistari virefu vya kijani ni njia ambayo farasi na baiskeli pia zinaruhusiwa. Eneo lililopakwa njano hafifu lenye ukingo wa rangi ya machungwa ni ardhi ya wazi. Vistari vyeusi vyembamba vinavyotambaa kila mahali ni kuta na uzio, na hivi ndivyo vitakavyowaokoa mkipotea, kwa kuwa mnaweza kuhesabu kuta mlizovuka. Kwenye ardhi yenyewe, mshale wa njano juu ya nguzo ni njia ya miguu, wa bluu ni ya farasi. Msitegemee mishale peke yake. Mingine imeanguka, mingine imefunikwa na majani.

Hapo hapo kwenye ramani jifunzeni kusoma namba ya mahali, kwa sababu siku ya shida ndiyo mtakayoulizwa. Chukueni stesheni ya Edale: SK 122 853. Herufi mbili zinataja pande la nchi. Tarakimu tatu za kwanza ni za kwenda kulia. Tafuteni mstari wa wima wenye namba 12 chini ya ramani, kisha gaweni mraba unaofuata kwa jicho mafungu kumi, mkasogee mafungu mawili. Tarakimu tatu za pili ni za kupanda: mstari wa mlalo namba 85, kisha mafungu matatu juu. Hapo mmefika ndani ya mita 100 za mahali penyewe. Kosa la kawaida ni kuanza na zile za kupanda, na hapo waokoaji watapelekwa bonde jingine kabisa. Anzeni kulia, ndipo mpande.

Nikienda kwenye mashamba yenyewe, naomba mnivumilie nikae hapo kidogo, maana ndipo heshima yetu kwa wenyeji inapopimwa.

Kuta za kule hazina saruji. Ni mawe makavu yaliyopangwa kwa akili nyingi: kuta mbili zinazoegemeana, pana chini na nyembamba juu, katikati mmejazwa vijiwe, na kila baada ya nafasi fulani kuna jiwe refu linalopita kutoka uso mmoja hadi wa pili na kuzifunga pamoja. Juu kabisa kuna mawe yaliyosimamishwa ubavu, yenye kazi ya kuubana ukuta kwa uzito wake. Fundi hodari hujenga kama mita tatu kwa siku. Mtu akiuparamia ukuta huo ili apige picha, jiwe la juu linaanguka. Yaliyo chini yake yanalegea, kondoo anaona upenyo, anaruka, anabomoa mengine, na ndani ya muda mfupi kundi zima liko kwa jirani. Vukeni kwenye vipandio vilivyotengenezwa tu, yaani ngazi za mawe au mbao, au upenyo mwembamba unaopitisha miguu ya mtu na kumzuia kondoo. Mkiangusha jiwe, lirudisheni juu. Likiwashinda, mwambieni mwenye shamba mkimwona.

Malango. Kanuni ni kuliacha lango kama mlivyolikuta. Lililofungwa lifungeni, lililo wazi liacheni wazi, kwa sababu mara nyingi mkulima ameliacha hivyo ili wanyama wafike kwenye maji. Kosa la makundi yetu linajulikana: wa kwanza anafungua, anaamini wa mwisho atafunga, na wa mwisho hajui kuwa ndiye wa mwisho. Teueni mtu mmoja awe wa lango kutwa nzima, apite baada ya wote, na kabla hajaondoka alisukume lango kuhakikisha komeo limeingia. Lango likigoma kufunguka na lazima mpande juu yake, pandeni upande wa bawaba, mmoja mmoja, maana upande wa komeo hupinda kwa uzito.

Mwezi Juni na Julai nyasi za baadhi ya malisho huachwa zirefuke zikatwe ziwe chakula cha ng'ombe wakati wa baridi. Hapo tembeeni mmoja nyuma ya mwingine. Watu kumi wakitembea bega kwa bega wanalaza chakula ambacho mashine haitaweza kukikata.

Kondoo wa milimani huzaa zaidi mwezi Aprili. Jike mwenye mimba akikimbizwa anaweza kuharibu mimba. Mkimwona mwanakondoo peke yake analia, msimbebe hata kama watoto wanawasihi. Mama yake kwa kawaida yuko karibu, anawasubiri ninyi muondoke. Lakini kuna jambo moja ambalo mnaruhusiwa kuingilia, na mkulima atawashukuru. Mkimkuta kondoo amelala chali, miguu hewani, hawezi kuinuka, hasa mwishoni mwa majira ya kuchipua akiwa na manyoya mazito, huyo yuko hatarini. Gesi hujaa tumboni, na baada ya saa chache anaweza kufa. Shikeni manyoya ya ubavuni kwa mikono miwili, mpindueni asimame, kisha mshikilieni dakika moja au mbili hadi miguu ipate nguvu, la sivyo ataanguka tena.

Ng'ombe wenye ndama ni habari nyingine. Msipite kati ya mama na ndama. Zungukeni mbali, msikimbie, msipige kelele. Mwenye mbwa, ng'ombe wakimjia, amwachilie mbwa, kwani mbwa ndiye wanayemtaka na atawashinda mbio. Na kwa wale wasiopenda kuguswa na mbwa: mwambieni mwenye mbwa kwa sauti ya kawaida amshike, na wengi hufanya hivyo bila neno. Kwenye ardhi ya wazi, kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Julai, sheria inataka mbwa awe kwenye kamba isiyozidi mita mbili, kwa sababu ya ndege wanaotaga chini.

Mavazi. Suruali ya jinzi ikilowa haikauki, na inaunyonya joto la mwili. Vaeni tabaka tatu: ya ndani isiyo ya pamba, ya kati ya joto, ya juu isiyopitisha mvua, hata kama asubuhi jua linawaka Sheffield. Viatu viwe na soli yenye meno, maana mawe ya kule yakilowa huteleza na matope yanafika kifundoni. Kina mama wanaovaa dera, buibui au sketi ndefu, wavae suruali ndani na wajifunge kibwebwe kabla ya kila kipandio. Nguo ikinasa kwenye ubao mtu anaanguka kwa uso. Kigari cha mtoto kiacheni nyumbani, hakivuki. Mbelekeni mtoto mgongoni, ila kumbukeni kwamba anayetembea anatoka jasho na mtoto aliye mgongoni hasogei. Kila nusu saa mguseni mikono na shingo. Kofia na soksi mbili kwake ni lazima, hata mwezi Mei.

Njia gani basi? Kwa siku ya kwanza nashauri mzunguko wa chini, kilomita sita na kitu. Kutoka stesheni pandeni barabara ya kijiji, pita kanisa, hadi Old Nag's Head. Mkabala na baa Pennine Way inaingia kushoto kwenye kijia kilichozama kati ya miti, kisha inatokea kwenye malisho yaliyo wazi. Hapo mtaliona bonde lote: kuta zikigawanya kijani vipande vipande, reli ikielekea magharibi hadi inapomezwa na handaki la Cowburn, lenye urefu wa zaidi ya kilomita tatu, na mgongo wa Mam Tor mbele yenu. Fuateni hadi Upper Booth, kama kilomita mbili na nusu. Hapo iacheni Pennine Way, shukeni kwa barabara ndogo hadi Barber Booth, kisha rudini stesheni kwa njia ya mashambani. Hakuna mpando wa kutisha, na mtoto wa miaka sita anamaliza.

Siku ya pili nendeni Mam Tor kupitia Hollins Cross, sehemu ya chini ya ule mgongo. Zamani, kabla Edale haijapata kanisa lake, jeneza lilibebwa mabegani kwa njia hiyo hadi Castleton. Kwenda na kurudi ni kama kilomita saba, na mpando ni mita 270 hivi. Muda wake upigieni hesabu kwa kanuni aliyoitoa William Naismith mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita tano, ongeza dakika kumi kwa kila mita mia za kupanda. Kwa familia mimi nashusha mwendo uwe kilomita nne kwa saa. Kilomita saba ni saa moja na dakika 45. Mpando unaongeza dakika 27. Jumla saa mbili na dakika 12. Wekeni mapumziko, chakula na picha, mfikirie saa tatu na nusu. Juu pamewekwa mawe bapa kwa sababu miguu ya watu ilikuwa imekula udongo; tembeeni juu ya mawe, msitembee pembeni kukwepa madimbwi, kwani hivyo ndivyo njia ya mita moja inavyogeuka kidonda cha mita kumi. Mkitazama upande wa Castleton mtaona barabara ya lami iliyovunjika kama mkate. Ubavu wa mlima ule huporomoka taratibu, na barabara ilifungwa moja kwa moja mwaka 1979.

Kinder Scout yenyewe isiwe safari ya kwanza wala ya pili. Juu yake ni tambarare ya mboji, udongo mweusi uliojengeka kwa majani yaliyooza kwenye maji kwa maelfu ya miaka, uliokatwa na makorongo yanayofanana yote. Ukungu ukishuka, na hushuka ndani ya dakika chache, mtu huona mita kumi tu na kila korongo linamwelekeza pabaya. Nendeni na mtu anayejua kutumia dira na ramani, siku iliyotabiriwa kuwa wazi, kupitia Jacob's Ladder, njia ya ngazi za mawe, mrudi kwa njia hiyo hiyo. Msishukie mteremko wa Grindsbrook, kwani una mawe makubwa ya kushukia kwa mikono.

Mboji hiyo ndiyo sababu ya marufuku ya moto. Ikikauka wakati wa majira ya kuchipua inawaka, na moto unaingia chini ya ardhi, unatambaa bila kuonekana, unaweza kuendelea kwa siku nyingi. Kwa hiyo mishikaki na mahindi ya kuchoma yabaki nyumbani. Bebeni chapati, maandazi, mayai ya kuchemsha, chupa ya chai. Maji ya vijito msiyanywe. Juu huko kunaweza kuwa na mzoga wa kondoo. Mnaoswali, bebeni chupa ya ziada ya kutawadhia, na kibla kutoka pale ni kusini mashariki.

Mkipenda kula kijijini, baa za pale ni mahali pa chakula pia, na watoto hukaribishwa wakiwa na wazazi. Agizo hutolewa kaunta, na jiko mara nyingi hufungwa kati ya mchana na jioni, hivyo msifike saa kumi mkategemea sahani. Samaki wa kukaanga huweza kuchovywa kwenye rojo lenye bia, na chipsi za maeneo yale mara nyingine hukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe asiyechinjwa kihalali. Ulizeni vyote viwili kabla ya kulipa.

Saa. Mwishoni mwa Desemba jua linazama saa kumi kasoro dakika kumi, yaani 15:50 kwenye saa zao, na bondeni giza hutangulia. Mwishoni mwa Juni linazama karibu saa tatu na dakika arobaini usiku. Kati ya Novemba na Februari pangeni kuwa mmeshuka mlimani ifikapo saa nane na nusu, na kila mtu mzima awe na tochi, kwa sababu tochi ya simu inamaliza chaji ambayo mtaihitaji kupigia msaada. Baridi nayo huimaliza haraka. Simu moja izimwe, ikae mfuko wa ndani.

Mtu akivunjika mguu au mkipotea kabisa, pigeni 999, ombeni polisi, kisha ombeni waokoaji wa milimani. Hao ni wajitoleaji na hawatozi hata senti. Watajeni idadi yenu, aliyeumia vipi, na ile namba ya mahali. Hata kama mtandao wenu hauna mawimbi, simu ya dharura huweza kupita kwenye mtandao mwingine. Leo hii kabla hamjaondoka, tumeni neno «register» kwenda 999. Mtajibiwa maelekezo, na baada ya hapo mtaweza kuomba msaada kwa ujumbe mfupi pale sauti isipopita. Filimbi ni mipulizo sita, nyamaza dakika moja, rudia. Msiache kupuliza mkisikia majibu.

Kuna jambo ambalo wengi huliuliza kwa sauti ya chini baada ya mkutano, nami nataka kulisema hapa mbele. Mtatazamwa. Katika kijiji cha watu mia tatu kila mgeni hutazamwa, na mgeni mweusi au mwenye hijabu hutazamwa zaidi. Mwaka 2019 ripoti ya Julian Glover, iliyoagizwa na serikali, ilikiri kwamba jamii nyingi za nchi hii huona maeneo haya si yao, na kwamba weupe kwa weusi wanayachukulia kuwa mazingira ya wazungu. Ni kweli, na inaumiza. Lakini mtu anayekutana nanyi njiani kwa kawaida atawasalimu kwa neno moja na kupita. Asiposimama kuuliza habari za nyumbani hajawadharau, ndivyo wanavyosalimiana wenyewe. Msalimuni ninyi kwanza. Na akitokea wa kuwaambia hii ni njia ya binafsi, fungueni ramani, mwonyesheni mstari wa kijani, msibishane zaidi ya hapo. Mkikuta njia ya umma imefungwa kwa uzio au kufuli, pigeni picha, andikeni namba ya mahali, mpelekeeni halmashauri ya kaunti ya Derbyshire, ambayo ina wajibu wa kisheria wa kuhakikisha iko wazi. Malalamiko yenu yana uzito uleule kama ya mtu wa pale.

Mkirudi nyumbani jioni, kagueni miili kabla ya kulala: nyuma ya magoti, makwapani, kinena, na kichwani kwa watoto. Kupe wa kule ni mdogo kama punje ya ufuta na anaweza kubeba ugonjwa wa Lyme. Mkamateni kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvuteni wima polepole bila kumminya wala kumpaka mafuta. Andikeni tarehe. Katika wiki zinazofuata likitokea doa linalotanuka kama pete, au homa na uchovu usioeleweka, nendeni kwa daktari na mmwambie mliumwa na kupe, kwa sababu daktari wa mjini huenda asilifikirie hilo mwenyewe.

Ramani ziko mezani, zimekunjuliwa. Kila meza itafute SK 122 853, kisha ifuate kwa kidole njia ya kijani hadi Upper Booth, ihesabu kuta inazovuka. Nitapita meza kwa meza, na maswali yaanze huko huko.